Bei ya tovuti: Kipimo kinachokosekana kati ya fundi na mwenye duka Mombasa

LESO huuzwa kwa doti, kitambaa kwa jora na mbao kwa futi. Mwenye duka wa Biashara Street na mteja wake wanaweza kuvutana nusu saa kuhusu bei, lakini hawavutani kuhusu kile kinachopimwa. Tovuti haina kipimo cha namna hiyo. Mfanyabiashara mmoja huambiwa shilingi 10,000, jirani yake huambiwa 80,000, na wote wawili huonyeshwa kwenye simu kurasa zinazofanana: picha kubwa juu, maelezo ya biashara, nambari ya simu na ramani. Ni rahisi kudhani kwamba mmoja wa mafundi hao ni mwizi. Mara nyingi si hivyo. Wanauza vitu tofauti kwa jina moja.

Suala hili linawagusa hasa vijana wanaojitegemea kwa kazi hii kuanzia Kibarani na Makupa hadi Mji wa Kale. Kijana anayeishi Kibarani, mahali palipokuwa na jaa kubwa la taka ambalo baadaye liligeuzwa bustani, yuko kwenye njia kuu ya malori yatokayo bandarini. Upande mmoja ana wenye magari ya mizigo, maghala na vipuri. Akivuka daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022, anaingia kisiwani kwa wauza leso, mafundi wa kanzu, wenye nyumba za wageni na wauza viungo wa Marikiti. Hao ni wateja wenye haja tofauti na mifuko tofauti, naye aghalabu huwapa wote bei moja aliyoisikia kwa mwenzake.

Mji wenyewe una historia katika jambo hili. Nyaya za kwanza za intaneti za chini ya bahari kufika Kenya zilitua Mombasa mwaka 2009: TEAMS mwezi Juni na SEACOM mwezi Julai. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa juu. Huduma ya M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007, hivyo mteja angeweza kulipa bila ya kwenda benki. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopewa hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2013, kinatoa wahitimu wa kompyuta, na karibu na Fort Jesus kuna kituo cha vijana cha Swahilipot Hub ambako wengi wamejifunza ufundi huu. Mafundi basi wapo. Kilichokosekana ni mazoea ya bei.

HAKUNA ORODHA YA BEI

Wakili nchini Kenya hutoza kwa kufuata Amri ya Malipo ya Mawakili, na sheria inamkataza kushuka chini ya viwango vilivyowekwa. Mbunifu wa tovuti hana kitu kama hicho. Mswada wa kusajili wataalamu wa teknolojia ya habari, uliofikishwa Bungeni mwaka 2016 na kufufuliwa baadaye, ulizua ubishi mwingi na haukupata kuwa sheria. Wala mafundi wenyewe hawawezi kuketi chini ya chama chao na kutangaza kwamba hakuna tovuti itakayouzwa chini ya kiwango fulani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inapiga marufuku mapatano ya kupanga bei, yakiwamo yale yanayopitia vyama vya kibiashara.

Kwa hiyo kila fundi lazima apige hesabu yake. Wengi huanza hesabu hiyo kwa swali lisilofaa, yaani wenzangu wanatoza ngapi, badala ya kujiuliza saa moja ya kazi yao inawagharimu kiasi gani.

Tuchukue mfano wa fundi anayehitaji shilingi 60,000 kwa mwezi: 35,000 za kodi ya nyumba, chakula na nauli, 10,000 za intaneti, umeme na programu, na 15,000 za ushuru, ugonjwa na akiba ya kununua kompyuta nyingine hii itakapokufa. Akifanya kazi siku 22 kwa saa nane, anapata saa 176. Lakini saa hizo zote hazilipwi. Kuna kutafuta wateja, kungoja mkutano ulioahirishwa, kuandika makadirio ya bei ambayo hayatajibiwa, kudai deni na kujifunza mambo mapya. Fundi anayeanza atakuwa na bahati akipata nusu ya saa zake zikilipwa, yaani saa 88. Gawanya 60,000 kwa 88, na saa moja inasimama karibu na shilingi 680.

Tovuti ya kawaida ya kurasa sita hailingani na siku mbili za kazi kama inavyodhaniwa. Mazungumzo na mpango huchukua saa sita, muundo saa 10, ujenzi saa 12, kuandika na kusahihisha maneno saa sita, marekebisho saa nne, na kumfunza mteja saa mbili. Jumla ni saa 40, ambazo kwa shilingi 680 ni shilingi 27,200, bila ya kuhesabu gharama zinazolipwa kwa watu wengine. Fundi anayeuza kazi hiyo kwa shilingi 10,000 anajilipa 250 kwa saa. Ili apate zile 60,000 zake itambidi aunde tovuti sita kwa mwezi, saa 240, na juu yake zile saa 88 za kuhangaika. Ni karibu saa 15 kwa siku. Hapo ndipo mteja wa nne anapoanza kukuta simu haipokelewi.

Hesabu hii haimlazimishi mteja kulipa. Mwenye kibanda cha vipuri hajali fundi anahitaji nini kwa mwezi, na hana sababu ya kujali. Faida yake ni kumwonyesha fundi sakafu ambayo chini yake kazi ni hasara hata kama mfukoni kumeingia pesa.

SAA, KAZI NZIMA AU FAIDA

Njia ya kutoza kwa saa ni ya haki kwenye karatasi, ila haipendwi madukani. Mnunuzi wa Mombasa anataka kujua mwisho wake ni ngapi. Isitoshe, njia hii humwadhibu fundi hodari. WordPress, programu huria isiyolipiwa iliyotolewa mwaka 2003, ilipunguza kwa kiasi kikubwa muda wa kujenga kurasa, na sasa zana za akili unde zinaandika rasimu ya maneno na hata ya msimbo kwa dakika chache. Anayetoza kwa saa hujipunguzia kipato kila anapojifunza njia ya haraka.

Kutoza kwa kazi nzima ndiko kunakofaa biashara nyingi ndogo, mradi kazi hiyo iandikwe mipaka yake. Bila mipaka, zile saa nne za marekebisho huwa 20: leo rangi, kesho picha ya ufunguzi, keshokutwa shemeji wa mwenye duka ana maoni. Saa 40 zinageuka 56, na malipo ya saa yanashuka kutoka 680 hadi chini ya 490. Dawa yake ni sentensi moja tu kwenye makadirio, inayosema kwamba bei inajumuisha awamu mbili za marekebisho na kwamba kila saa inayozidi italipiwa kiasi fulani.

Njia ya tatu ni kutazama faida ambayo mteja ataipata. Nyumba ya wageni ya Mji wa Kale inayopata wateja kupitia mitandao ya kimataifa ya kukodisha vyumba hukatwa kamisheni, na asilimia 15 ni jambo la kawaida. Ikiwa chumba ni shilingi 6,000 kwa usiku, shilingi 900 huenda zake kila usiku. Tovuti itakayoleta nafasi za moja kwa moja za usiku 100 kwa mwaka imeokoa shilingi 90,000. Kwa mwenye nyumba hiyo, tovuti ya shilingi 80,000 iliyo na utaratibu mzuri wa kuweka nafasi si ghali. Kwa fundi wa kanzu ambaye wateja wake wote wanaishi mwendo wa dakika 10 kutoka dukani na humpigia simu, hata shilingi 20,000 huenda zikawa nyingi, na fundi mwaminifu anafaa kumwambia aweke kwanza jina, saa za kazi na picha zake kwenye ramani ya Google, ambako halipi kitu.

Ushauri kama huo huonekana kama kujinyima riziki. Lakini Mombasa ni mji wa maneno ya barazani, na mzee aliyeelezwa ukweli huleta wateja kuliko tangazo lolote.

GHARAMA ZA KILA MWAKA

Chanzo kikubwa cha ugomvi si bei ya kuunda tovuti bali kile kinachofuata. Makadirio mengi huweka kila kitu katika tarakimu moja, na mteja huamini amenunua kitu cha kudumu kama mlango wa kuchonga. Mwaka ukizunguka, tovuti inatoweka.

Tovuti ina jina na ina mahali inapokaa. Jina, yaani kikoa, husajiliwa kwa kipindi na kulipiwa upya. Majina ya Kenya yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KENIC na kuuzwa na mawakala walioidhinishwa. Ya kibiashara kwa kawaida huishia kwa.co.ke, na tangu mwaka 2017 inawezekana kusajili jina linaloishia kwa .ke peke yake. Mahali pa kukaa ni nafasi ya kukodi kwenye seva, ambayo nayo hulipiwa kila mwezi au kila mwaka.

Nafasi hiyo ikikodiwa ng'ambo, bei yake ni ya dola. Seva ya dola 60 kwa mwaka iligharimu takriban shilingi 6,600 mwaka 2021, dola ilipozunguka shilingi 110. Januari 2024, dola ilipofika karibu na 160, seva ile ile ilitaka shilingi 9,600, kisha ikarudi kwenye 7,800 au karibu na hapo shilingi ilipopata nguvu mwaka huo huo. Fundi aliyeahidi kumlipia mteja kwa miaka mitatu kwa bei ya shilingi isiyobadilika alibeba tofauti hiyo peke yake. Ni afadhali gharama hizi ziandikwe kando, kwa bei ya siku ya kulipa, na mteja azilipe mwenyewe moja kwa moja.

Kuna gharama moja ya kuulizia. Cheti cha usalama, kile kinachoweka alama ya kufuli kando ya anwani, kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt tangu mwaka 2016, na kampuni nyingi za seva hukiweka bila malipo. Tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome huonya watu kwamba tovuti isiyo na cheti si salama, kwa hiyo kinahitajika. Lakini duka dogo lililotozwa maelfu ya shilingi kila mwaka kwa ajili yake lina haki ya kuomba maelezo.

Halafu kuna funguo. Kijana husajili jina la duka kwa barua pepe yake mwenyewe kwa sababu ni haraka na mwenye duka hana barua pepe. Miaka miwili baadaye kijana amepata kazi Doha au Muscat, nambari yake ya simu haipatikani, na notisi za kulipia zinakwenda kwenye barua pepe asiyoifungua tena. Muda ukipita, jina huachiliwa na yeyote anaweza kulichukua. Jina hilo liko kwenye ubao wa duka, kwenye kadi, kwenye gari la mizigo.

Wafanyabiashara wa Mombasa wanalielewa jambo hili kuliko wanavyofikiri, kwa kuwa wanaijua kilemba: pesa anazotoa mtu ili kuchukua duka ambalo limekwisha kujenga jina na wateja mahali pale. Jina la kikoa lina thamani ya aina hiyo hiyo. Lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, kwa barua pepe yake, naye awe na neno la siri la msajili na la seva. Fundi anaweza kupewa ruhusa ya kuingia. Asiwe mwenye nyumba. Saa moja ya kumfungulia mteja akaunti hizi iingizwe kwenye bei, kwani ni kazi.

Mji huu pia unajua maana ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga juu ya kiwanja cha mwingine akilipa kodi ya ardhi. Ukurasa wa Facebook au tovuti ya bure ni nyumba za namna hiyo. Mwaka 2011 Google ilizindua mpango wa kuwaingiza wafanyabiashara wadogo wa Kenya mtandaoni kwa kuwapa tovuti bila malipo, na wengi waliipata tovuti yao ya kwanza huko. Baadaye kampuni hiyo ilitoa pia tovuti rahisi zilizofungamana na maelezo ya biashara kwenye ramani yake. Hizo zilizimwa Machi 2024. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe angelielekeza jina hilo kwingine. Asiyekuwa nalo alibaki na kadi zenye anwani iliyokufa.

Matengenezo nayo yana bei yake. WordPress na programu zake za nyongeza huhitaji kusasishwa, la sivyo wadukuzi hupata mwanya. Fundi anaweza kutoza ada ya mwezi kwa kazi iliyotajwa wazi, kwa mfano kusasisha, kuhifadhi nakala na saa moja ya mabadiliko, au mteja akubali kwamba ataita fundi panapoharibika na kulipa kwa saa. Kusema “nitaiangalia” bila ya bei ni ahadi ambayo haitatimizwa.

MAONGEZO YA KIPWANI

Baadhi ya maombi yanayosikika kuwa madogo huongeza bei sana. Malipo ya M-Pesa ndani ya tovuti ni mojawapo. Safaricom ilifungua mfumo wake wa Daraja mwaka 2017 ili waunda programu waunganishe malipo, lakini kuunganisha, kujaribu na kushughulikia malipo yaliyokwama ni kazi ya siku kadhaa. Duka linalouza vitu vichache kwa wiki linatosheka na nambari ya till iliyoandikwa wazi na kitufe cha WhatsApp.

Lugha ni jambo jingine. Muuza halua au udi mwenye wateja wa Ghuba huomba Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu kana kwamba ni rangi tatu za leso moja. Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo muundo mzima hugeuzwa, na tafsiri inataka mtu anayejua lugha hiyo, si mashine peke yake. Bei ya kila lugha itajwe mbali. Picha pia: zile zilizopigwa kwa simu ndani ya duka lenye giza huharibu kazi nzuri, na mpiga picha ni mtu mwingine anayestahili malipo yake. Tovuti inayokusanya majina na nambari za wateja inaingia chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na maandishi ya kuwaeleza wateja data yao inatumiwaje hayajiandiki.

MALIPO NA MAKUBALIANO

Arubuni ni desturi ya kale ya mafundi na haina aibu. Nusu kabla ya kuanza, robo muundo unapokubaliwa na robo kabla ya tovuti kufunguliwa ni mgawo unaomlinda kila mmoja. Kwa biashara za utalii, majira yazingatiwe: hoteli hujaa Desemba na hupwaya masika, Aprili hadi Juni. Hicho kipindi cha upungufu ndicho mwenye nyumba ya wageni ana nafasi ya kuketi na fundi, lakini ndipo pia hana pesa. Fundi anayeukubali mgawo wa miezi mingi aongeze kidogo kwa kungoja kwake, au afungue tovuti kwa awamu.

Kisha kuna bei ya udugu. “Mwanangu, wewe ni wetu, nipunguzie,” mzee atasema, na kijana aliyelelewa vyema hawezi kumkatalia mtu wa umri wa babake. Njia ya heshima ni kupunguza kazi badala ya bei: kurasa tatu mahali pa sita, lugha moja mahali pa tatu. Akipunguza bei kwa kazi ile ile, mteja wa pili atakayeletwa na mzee huyo atadai hiyo hiyo, naye ana haki.

Ushuru uhesabiwe kabla ya kutaja bei, si baadaye. Kampuni inayomlipa mtaalamu mkazi hukata asilimia 5 ya ada ya kitaaluma na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) malipo yanapofika kiwango kilichowekwa, na fundi huhesabiwa makato hayo anapowasilisha ritani. Aidha, tangu Januari 2024 mfanyabiashara kwa jumla hawezi kudai gharama katika hesabu za ushuru bila ya ankara ya mfumo wa eTIMS, kwa hiyo mteja mkubwa atampita fundi asiyeweza kuitoa.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ukurasa mmoja. Sababu iko katika Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ambayo inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabika kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Fundi anayetaka umiliki uhame baada ya malipo ya mwisho, au anayetaka kubaki na haki ya kutumia tena kiolezo alichokibuni, lazima aandike hivyo. Mteja naye aandike tarehe ya kukabidhiwa na orodha ya akaunti na maneno ya siri atakayopewa.

Deni likikataa kulipwa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai ya huduma yasiyozidi shilingi milioni moja, na Mombasa inayo. Mdai anaweza kujisimamia bila ya wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Makadirio yaliyotiwa saini, ujumbe wa WhatsApp wa kuikubali kazi na taarifa ya M-Pesa ya arubuni ndivyo vielelezo vya kwanza vya kubeba.